Aliyehifadhiwa Bado Hana Nyumba

Popote mlipo, nyumbani, dukani, shambani, au mmekaa chomboni mkingoja maji yajae mpite mlangobahari wa Mkanda, karibuni tuzungumze. Leo safari yetu ni ya kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, na tutateremka mji wa Mbwajumali. Nataka tuwaangalie watu wawili: aliyekosa nyumba na aliyevunjika moyo. Nawaweka pamoja kwa sababu ukichunguza vizuri utaona mara nyingi ni mtu mmoja.

Ukimtajia mkaazi wa Nairobi au Mombasa habari ya mtu asiye na makao, humjia haraka yule kijana aliyelala barazani mwa duka, gunia ndilo shuka lake. Hakosei. Serikali ilipowahesabu wanaoishi mitaani mwaka 2018, ilipata zaidi ya watu 46,000 nchi nzima. Lakini ingia Mbwajumali usiku wa manane, pita vichochoro vyote, na ni nadra sana umkute mtu amelala nje. Mgeni akiona hivyo husema, alhamdulillahi, watu hawa tatizo hilo hawana.

Mimi nasema wanalo, ila limepelekwa ndani. Limelala ukumbini mwa shangazi. Ni watu saba waliobanwa katika chumba cha kulala watatu. Kwa kuwa halionekani njiani, hatuliulizi hali, na mwenye nalo hujifunza kunyamaza.

Tuanze na historia kidogo, maana Wabajuni, wenyeji wa Pate, si wageni wa kuhama. Katika vita vya Shifta vya kaskazini mashariki mwa Kenya, vilivyoanza mwaka 1963, watu waliokuwa wakiishi na kulima upande wa bara, kutoka Mkokoni hadi Kiunga na Ishakani mpakani, waliacha mashamba na visima vyao. Vijiji kama Rubu na Mvundeni vikabaki magofu na vichaka. Waliokimbia walivukia visiwani, wengine wakateremka Amu (ndio mji wa Lamu), Malindi na Mombasa. Wengi walipokewa na jamaa. Vita vilipokwisha, wapo walioambiwa warudi makwao lakini hawakuwa na pa kurudi, wakabakia walipokuwa, na watoto wakazaliwa hapo hapo. Kisha mwaka 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, na Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Kismayu, watu wa Chula, Chovai na Koyama, wakajipakia majahazini na kuelekea Kenya. Hao pia walikuwa na jamaa upande huu.

Halafu ukaja moto. Mwaka 2009 moto uliwaka Faza, mji ambao mtu wa Mbwajumali huufikia kwa miguu. Nyumba zilikuwa zimeshikana, mapaa ni ya makuti, upepo unavuma, na kisiwani hakuna gari la zimamoto. Makuti yakishawaka hayangoji ndoo. Mamia ya nyumba yaliteketea na watu zaidi ya elfu mbili wakabaki bila makao. Misaada ilikuja: chakula, blanketi, mahema. Na kama kawaida yetu, jamaa wakawapokea jamaa.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwenye neno hilo la kupokewa, maana ndilo sifa yetu kubwa na ndilo linalotuziba macho.

Sote tunaujua msemo wa wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uliwekwa kwa mgeni aliyekuja kutembea. Aliyekuja kwa sababu nyumba yake imekuwa majivu, jembe utampa, lakini akalime wapi? Siku za mwanzo anafuturishwa, anatandikiwa, watoto wake wanachanganyika na wa mwenyeji kwenye sinia moja. Mwezi wa pili mambo yanabadilika taratibu, bila mtu kugombana na mtu. Mwenye jiko anauliza kwa upole kabisa, "Shoga, ile chumvi yangu umeiweka wapi?" Swali ni la chumvi tu, lakini mgeni halali usiku huo. Mtoto wake akivunja kikombe anachapwa mara mbili, mara moja kwa kikombe, mara ya pili kwa aibu ya mama yake. Maji ya jabia, birika la mvua, ni ya kupimwa wakati wa kiangazi, na yeye ndiye anayejihesabia kila kata anayoiteka.

Mwanamume naye anatoka alfajiri na kurudi watu wameshalala, asionekane yumo njiani mwa wenye nyumba. Zamani alikuwa na bahari ya kumficha. Lakini kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na kwa mvuvi wa Pate usiku ndio riziki. Basi akawa hana nyumba wala bahari. Anakaa barazani akitazama watu wanavyopita, akisalimiwa anaitikia, na sisi tunasema, "Fulani mpole siku hizi." Wala hakuna upole hapo. Mtu huyo anazama.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara huenda asilielewe upesi. Kwa desturi ya Waswahili wa Lamu, nyumba ina jina la mwanamke. Baba mwenye uwezo humjengea binti, na mume huingia kwa mkewe. Nyumba ikiungua, mwanamke hapotezi paa peke yake. Anapoteza urithi aliopewa na wazee wake, mahali pa kumwozea binti yake, na neno lake mbele ya mume. Na ndoa ikivunjika, anayetoka ni mwanamume, na sanduku lake mkononi. Akiwa na mama hai, atakwenda kwa mama. Mama akiwa hayupo, atakwenda kwa dada, na kwa dada kuna shemeji. Tunawataja sana wanawake walioachwa, na haki yao watajwe. Lakini mzee wa miaka sitini anayehamahama baina ya nyumba za dada zake, nani amewahi kumwandika kuwa hana makao?

Msidhani haya ni maneno ya redio tu. Mei 2019 wataalamu walikutana Nairobi, kwenye makao ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, kutafuta namna ya kueleza kukosa makao kuna maana gani duniani. Hawakuishia kwenye mtu wa barabarani. Walisema asiye na makao ni yule asiye na pahali panapofaa kuishi binadamu, penye hakika kwamba hatatolewa, na penye nafasi ya kuishi na watu wake kwa usalama. Ukipima kwa kipimo hicho, yule wa ukumbini mwa shangazi anaingia. Ana paa, lakini hana hakika, na hana nafasi hata ya kuteta na mkewe kwa sauti ya kawaida.

Sasa tuje kwenye moyo. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Wiki ile ya moto, mji mzima uko uwanjani: mnapika pamoja, mnalia pamoja, mnacheka pamoja kwa sababu fulani katika kukimbia ameokoa jogoo akasahau mfuko wa pesa. Dhiki ya wote inabebeka. Mzigo unakuwa mzito mwaka wa pili, wa tatu, jirani wa kulia akishaezeka mabati, wa kushoto amepata mwana wa kumtumia fedha kutoka Mombasa au Ghuba, na wewe kiwanja chako kimeota magugu. Hapo msiba umekuwa wako peke yako, na hakuna anayekuja tena na sinia. Misaada yote ilikuja wiki ambayo ulikuwa na wenzako, na ilikwisha wakati ulipobaki peke yako.

Linganisheni na tunavyofanya mtu anapofariki. Katika mambo ya msiba, sisi watu wa pwani hatuhitaji mwalimu. Tanzia ikitangazwa msikitini, kila mtu anajua kazi yake. Kuna wa kuchimba, kuna wa kuosha, kuna wa kununua sanda. Wanawake wanaingia ndani kwa mfiwa, wanaume wanajaa barazani, kahawa inapita, siku tatu mfiwa hawashi moto. Inasomwa hitima. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na wakati wote huo kuna wa kumwangalia. Kubwa kuliko yote, anayekwenda kuhani hatakiwi awe na la kusema. Anaingia, anatoa mkono, anakaa kimya, anaondoka. Mkao wake ndio maneno yake.

Ufundi huo wote tunao, lakini tumeuwekea sharti: lazima pawe na maiti. Aliyeunguliwa nyumba, aliyenyang'anywa shamba, aliyefilisiwa chombo, aliyeachwa, aliyerudishwa kutoka Arabuni mikono mitupu, hao hawatangaziwi tanzia. Msiba wao hauna kaburi, kwa hiyo hauna matanga. Hoja yangu ya leo, wasikilizaji, ni hii: tuwahani walio hai. Tuuchukue mpango ule ule, wa zamu, wa kukaa, wa kuangaliana, tuupeleke kwa mwenye dhiki ambaye bado anapumua.

Na nina ushahidi kwamba jambo hili linawezekana, kutoka kwa ndugu zetu wa Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ya nchi ile iliendesha operesheni ya kubomoa vibanda na nyumba mijini. Umoja wa Mataifa ukamtuma Mtanzania, Mama Anna Tibaijuka, aliyekuwa akiongoza shirika la makazi, akachunguze. Ripoti yake ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza nyumba, au kazi, au vyote viwili. Mtaa mmojawapo ulioumizwa ni Mbare, mjini Harare. Mwaka uliofuata daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache sana wa fani hiyo nchini mwao, akaingia Mbare bila chumba cha kutibia wala wauguzi wa kumsaidia. Alikuwa amempoteza mgonjwa kijana aliyejiua kwa sababu familia haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitalini.

Nauli, wasikilizaji. Hapo watu wa Mbwajumali mnanielewa zaidi kuliko wengine. Hospitali ya Faza iko karibu, lakini mambo yakizidi ni boti hadi Amu, na pengine kutoka Amu ni safari ya Mombasa. Mtu ambaye hana nguvu ya kuinuka kitandani, utampangiaje safari ya siku nzima baharini na barabarani?

Daktari Chibanda alichopata ni mabibi 14. Mabibi wa mtaani, wanaojua mitaa na wanaojulikana. Akawafundisha namna ya kusikiliza kwa utaratibu, na nje ya zahanati pakawekwa benchi chini ya mti. Mwenye dhiki anakaa, bibi anakaa. Siku ya kwanza bibi anamwacha afungue moyo, ateremshe matatizo yote. Kisha anamuuliza, katika haya yote, lipi tuanze nalo? Wanachagua moja, wanatafuta hatua moja ndogo ya kufanya kabla ya kuonana tena. Akirudi wanaangalia limekwendaje. Mwenye dhiki akishamaliza vikao hivyo, anaingizwa katika kikundi cha waliopita njia hiyo hiyo, wanakaa duara, wanafuma mifuko ya kuuza na huku wanazungumza.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa wagonjwa 573. Baada ya miezi sita, katika waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, karibu nusu walikuwa bado wana dalili za huzuni kubwa. Katika waliokaa benchini, waliobaki na dalili hizo walikuwa kama 14 katika kila 100. Mpango huo umeshavuka mipaka, na hata Zanzibar umefika.

Mimi nikiangalia duara lile la wanawake wa Harare wanaofuma mifuko, nawaona wanawake wa Pate wanaosuka mikeka. Kikao kipo. Ukili upo. Wanaojua kusikiliza wapo. Kilichokosekana ni nia na utaratibu.

Najua sasa hivi kuna wanaonijibu huko waliko. Wacheni niwasikie mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: "Wewe mtangazaji, mji wetu mdogo. Nikimwambia mtu siri yangu asubuhi, adhuhuri iko Kizingitini." Neno lako zito, wala silibezi. Ndiyo maana katika kuchagua wa kusikiliza, elimu na cheo havitangulii. Kinachotangulia ni ulimi. Kila mji una watu ambao mambo huingia kwao na hayatoki. Pengine ni mkunga mstaafu, pengine ni mwalimu wa chuo, pengine ni nahodha aliyeacha bahari. Waulizeni wanawake kisimani ni nani anayeaminika, watawatajia bila kusita. Na anayevunja amana aondolewe mara moja, kama anavyoondolewa mweka hazina wa chama akila fedha za wanachama.

Wa pili anasema: "Mtu huyo hana dhiki, ana shetani, apelekwe kwa mganga, au asomewe." Sitabishana na kisomo. Dua ni yetu, na Qur'ani ni shifaa. Lakini asomewe, na pia aulizwe amekula nini, analala saa ngapi, anadaiwa na nani, analala wapi. Sheikh mwenye hekima hulijua hilo, na wengi wao huyauliza maswali haya kabla ya kufungua msahafu.

Wa tatu ni mwanamume, na anasema: "Sisi hatuwezi kukaa duara kulizana." Hakuna aliyekutaka ulie, ami. Kaa naye mkishona nyavu. Mwanamume wa Kibajuni humaliza maneno yake macho yakiwa kwenye kazi ya mikono. Muulize, "Nyumbani mnaendeleaje?" Kisha nyamaza. Usimjibu kwa hadithi yako wewe ya mwaka fulani ulipopata shida zaidi. Usimwambie "subira" kabla hajamaliza sentensi. Subira ni neno tukufu, lakini tunalitumia sana kumfunga mtu mdomo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 wa kumsaidia mtu aliyepatwa na janga, na ukiufupisha ni mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani amejitenga, nani ameacha kula, nani haendi tena msikitini wala pwani. Sikiliza bila kumhukumu. Unganisha, yaani mpeleke kwa anayeweza usiloliweza wewe. Hilo la tatu ni muhimu, kwa sababu rafiki si daktari. Mtu akizungumza habari ya kutaka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu bila safari, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake. Ondoa karibu yake vitu vya hatari, na umpeleke hospitali ukiwa naye. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari ya bure, 1199, unaweza kupiga uzungumze na mtu.

Wala usiogope kwamba utamtia mikononi mwa polisi. Kwa miaka mingi sheria yetu, kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia nyingi zikaficha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Huyo ni mgonjwa, si mwizi.

Sasa, wasikilizaji, hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu wanaopenda kuzungumza habari ya nasaha peke yake. Ukimkalisha mtu, ukamsikiliza wiki baada ya wiki, kisha kila usiku akarudi kulala mlangoni mwa chumba cha watu, unafanya kazi ya kukumba maji katika mashua inayovuja. Kukumba kuna faida, hakuna anayekataa, bila hivyo mnazama kabla ya kufika nchi kavu. Lakini mashua inataka kalafati. Na kalafati ya mtu huyu ni nyumba.

Kwa nini nyumba haijengeki? Si uvivu. Angalieni mwaka 2018 pekee. Februari serikali ilisimamisha ukataji wa miti nchini, na mikoko ikaingia humo. Boriti ndiyo mfupa wa nyumba za Lamu, na ndiyo kazi ya mamia ya watu. Aprili mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, lakini uamuzi kwenye karatasi haukuezeka paa la mtu mwaka ule, wala uliofuata. Ongeza bei ya saruji, mpaka ifike kisiwani imeshapanda na kushuka vyombo mara kadhaa, na kila mpagazi ana haki yake. Ongeza viwanja visivyo na hati. Mtu anaogopa kujenga nyumba ya mawe pahali ambapo kesho ataulizwa karatasi.

Kwa hiyo tukiunda kamati ya kuhani walio hai, isiishie kwenye kukaa kitako. Iwe na daftari. Ndani ya daftari yaandikwe majina ya waliohifadhiwa, kwa siri na kwa heshima: ni familia ngapi, tangu lini, kwa nani, na kinachokwamisha ni nini hasa. Kwa mmoja ni mabati. Kwa mwingine ni kesi ya kiwanja. Kwa wa tatu ni ugomvi na kaka, na hilo linataka mzee wa kusuluhisha, halitaki hata shilingi. Ukiyaona maandishi hayo, tatizo lililokuwa kubwa kama bahari linakuwa orodha ya nyumba kumi na kitu, na orodha inaanzwa na jina la kwanza.

Fedha zitatoka wapi? Nianze nyumbani. Katika wanane wanaostahiki zaka wamo fukara, maskini, mwenye deni na aliyekatikiwa na njia. Tazameni kama aliyehifadhiwa hakosi kuingia katika moja ya mafungu hayo, kisha mkawaulize masheikh wenu. Wakfu nao tunaujua tangu zamani. Watu wameweka wakfu minazi, visima na misikiti. Nini kinatuzuia kuweka wakfu vyumba viwili mjini, vya familia iliyopatwa na moto kukaa mwaka mmoja kwa faragha yao, wakati wanajenga? Vyumba hivyo vingewaokoa wageni, na vingewaokoa wenyeji pia.

Maana mwenyeji naye tunamsahau. Yule shangazi mwenye ukumbi, aliyepokea watu watano akasema karibuni bila kukunja uso, leo ni mwaka wa pili. Akilalamika ataitwa bahili. Akinyamaza anavimba ndani. Ukienda kumtazama mgeni, ingia na jikoni umsalimie mwenye nyumba, umuulize hali yake peke yake, na ukibeba mchele beba wa wote wawili.

Halafu kuna haki ambazo hatuna budi kuzidai. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na ya kadiri inayostahili. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeziwekea kaunti wajibu wa kupeleka huduma hizo karibu na watu. Mwaka 2023 nchi nzima ilipata wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wenye mikoba ya vifaa, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wanapima presha, wanapima sukari. Basi wafundishwe pia kuuliza, "Mnalalaje humu?" Jibu la swali hilo litamwambia mhudumu habari za nyumba na habari za moyo kwa pamoja. Na waheshimiwa wetu wa bunge la kaunti, mkija kuomba kura Lamu Mashariki, msituletee orodha ya barabara na gati pekee. Tuambieni pia gari la zimamoto la visiwani, au angalau pampu na mabomba ya maji kila mji, liko katika bajeti ya mwaka gani. Nyumba isiyoungua haihitaji kujengwa upya.

Wasikilizaji wapenzi, muda umeniishia. Naacha kazi moja kwa kila anayenisikia, awe Mbwajumali, Faza, Siyu, au kwengineko. Katika ukoo wako yuko mtu anayeishi kwa watu. Unamjua kwa jina. Kabla ya Ijumaa mtembelee, usiende na nasaha, nenda na muda. Ukishamsikiliza, muulize kitu gani kimoja kikitengenezwa kitamsogeza karibu na mlango wake mwenyewe, na usitoke hapo mpaka mmekubaliana nani atakishughulikia na lini. Kisha rudi siku mliyoagana. Watu wengi huja mara ya kwanza. Aliyevunjika moyo huanza kuamini yule anayekuja mara ya pili.